Mgongo ni Wangu

Daktari Hwang alitaka sahihi ya mwanangu. Mgongo ni wangu, miguu inayokufa ganzi ni yangu, nina miaka sabini na minane, lakini hospitali zetu Korea hazimpasui mzee mpaka mtoto aweke jina lake kwenye karatasi. Na mwanangu huyo, Tae-gyu, alikuwa amekunja mikono.

“Mama, umri umekwenda. Kuna nyumba ya wazee mjini Naju, nimeshakuandikisha. Kuna wauguzi, supu kila asubuhi.”

“Supu najipikia.”

Nilikuwa nikitembea hatua arobaini tu miguu inawaka moto, nakwama njiani mpaka niiname. Shamba langu la pilipili liko mbali zaidi ya hapo. Kwetu, asiyefika shambani hupelekwa nyumba ya wazee kungoja kufa. Nimewasindikiza majirani watano.

Daktari alinionyesha kifaa atakachonitia mgongoni, kipande cha titani kinachoenea kiganjani. Wanachana kidogo tu mgongoni, wanakichomeka kati ya mifupa miwili, kinaitanua, na mishipa ya fahamu iliyobanwa inapata nafasi. Hakuna skrubu ndefu. Alisema pia kwamba wengine hakiwasaidii. Nilimpenda kwa kutonidanganya.

“Na huyu akikataa kutia sahihi?” nikamuuliza.

“Hiyo ni desturi tu, bibi. Sheria inataka sahihi yako.”

Nikatoa mfukoni muhuri wa jina langu, ambao kwetu ndio sahihi, nikaugonga kwenye karatasi kwa nguvu hadi kalamu zikaruka mezani. Tae-gyu akatoka bila kuaga.

Siku ya tatu baada ya kupasuliwa alikuja kunichukua hospitalini. Kwenye njia panda akakata kushoto. Kushoto ni Naju, kwetu ni kulia.

“Simamisha gari.”

“Mama, wiki moja tu, upumzike.”

“Simamisha, au nafungua mlango hivihivi.”

Nikashuka, nikashika njia ya kulia. Mshono uliuma, sisemi uongo. Akageuza gari, akawa ananifuata polepole, kioo kimeshushwa.

“Mama, watu wanatuangalia.”

“Waangalie.”

Hatua ya arobaini niliiogopa kuliko kisu. Ikapita. Ya sitini ikapita. Ya mia. Miguu ilikuwa imetulia, na machozi yakanitoka kwa hasira na furaha pamoja.

“Basi ingia,” akasema kwa sauti ndogo. “Nakupeleka nyumbani.”

“Tangulia ukapike wali. Mimi nakuja.”