Idadi ya Wasomaji

Mimi ni fundi wa cherehani, na hasira zangu ziko karibu. Siku ya kwanza nilipofika kwenye hifadhi ya nyaraka, mlinzi aliniangalia kuanzia kichwani hadi kwenye viatu, akaniuliza kama mimi ndiye mtu mpya wa usafi. Nikamwambia nimekuja kusoma.

"Kusoma nini, mama?"

"Ningekuwa nakijua ningekuja?"

Akanifungulia geti.

Nilichokuja kutafuta kilikuwa kimoja tu. Nilitaka kujua kama mama yangu alikuwa mwizi.

Mama alikuwa mfuaji katika hospitali kubwa. Nilipokuwa na miaka tisa alifukuzwa kazi, yeye na wenzake kumi na mmoja, na mtaani ikavuma kwamba wameiba mashuka. Tangu siku hiyo akaitwa Mama Mashuka. Dukani aliitwa hivyo, bombani aliitwa hivyo, na watoto wenzangu tukigombana walijua pa kunigusa. Yeye hakukana wala hakukiri. Alijikaza kisabuni, akafua nguo za watu majumbani kwao mpaka uzee ukamkuta. Miaka minne iliyopita, kwenye mazishi yake, mjomba, ndugu yake wa tumbo moja, alisimama mbele za watu akasema dada yake alikuwa na moyo mzuri, ila mkono ulikuwa mrefu kidogo. Watu wakacheka, kile kicheko cha msibani cha kupumulia. Na mimi nilicheka. Mjomba nimeshamsamehe, lakini kile kicheko changu mwenyewe kimenikaa kooni hadi leo.

Nilicheka kwa sababu nilikuwa naamini. Nyumbani kulikuwa na shuka moja jeupe lenye mstari wa buluu na muhuri wa hospitali kwenye pembe. Nimelilalia utoto wangu wote. Siku hizi nafunikia cherehani, na ile pembe yenye muhuri naigeuzia ndani.

Nilianzia maktaba ya kawaida, ambako nilipewa kikaratasi kilichokunjwa mara tatu: "Unatafiti haki za jamii? Anzia hapa." Juu yake kuna picha ya vijana wanaocheka na vitabu vyao, na sijawahi kumwona mtu akicheka vile ndani ya maktaba yoyote. Ndani kulikuwa na orodha ya mahali pa kwenda na maneno ya kutafutia: haki, dhuluma, ubaguzi, mgomo, wafanyakazi wanawake. Nilikipenda kikaratasi kile. Kilinipa maneno makubwa ya kujifichia. Mtu akiuliza natafuta nini ningesema natafiti haki za wafanyakazi, nisitaje mama wala mashuka.

Basi kila Jumatano nikawa nafunga cherehani na kwenda kwenye ile hifadhi. Chumba cha kusomea kina meza sita ndefu, feni mbili ambazo moja inalia, na kabati la kadi lililochukua ukuta mzima. Kwenye kaunta anakaa dada wa makamo, miwani yake inaning'inia kwa kamba shingoni. Nilimbatiza Dada Muhuri, maana hakuna kilichopita mbele yake bila kugongwa. Kila ombi lina fomu, na kila fomu ina vijumba vinne: jina, unachotafuta, sababu ya kuomba, idadi ya wasomaji. Siku ya kwanza nilikiacha kile cha mwisho.

"Hujamaliza," akasema.

"Si unaniona niko na nani?"

"Fomu haikuoni. Jaza."

Nikaandika moja kwa kukandamiza kalamu hadi karatasi ikatoboka. Akaigonga muhuri vivyo hivyo, na tundu lake. Alinieleza kwa sauti ya mtu aliyeshalisema hilo mara elfu kwamba kwao fomu haitupwi. Hata ombi likikataliwa, fomu inaingizwa ndani ya jalada lililoombwa na kubaki humo.

Nilisoma hotuba. Nilisoma sheria, taarifa za vyama, na majalada matatu mazima ya mgomo wa wanaume wa reli. Wafuaji hawakuwemo. Ikawa kazi ya kutwanga maji kwenye kinu. Wenzangu chumbani walikuwa wanafunzi wenye kompyuta zao, wakinong'onezana na kuonyeshana vitu, wakitoka wawili wawili kwenda kula. Mimi nilikula mkate wangu nje, kwenye benchi la korido, nikiangalia ukuta. Sikuwa na wa kumwonyesha chochote, na hata hivyo sikuwa na cha kuonyesha. Nikirudi nyumbani niliisemesha cherehani. Upweke nilikuwa nimeshauzoea, lakini mle ndani, katikati ya watu wenye wenzao, uliniuma upya.

Jumatano ya nane nilijaza "dhuluma dhidi ya wafanyakazi wanawake". Dada Muhuri akaisoma, akavaa miwani, akaivua.

"Hii uliomba wiki iliyopita."

"Wiki iliyopita nilisema ubaguzi."

"Kabati ni lile lile, mama. Hebu niambie, unatafuta nini hasa?"

Na hapo ndipo hasira ziliponipanda. Nilimwambia natafuta mama yangu. Nilisema kwa sauti ambayo hata ile feni inayolia iliomba radhi. Nikasema mama yangu alikuwa anafua mashuka ya hospitali, wakamfukuza, wakamwita mwizi, na ninyi mna karatasi za dunia nzima humu, mpaka za mabehewa ya reli, lakini wanawake kumi na wawili wamewashinda kuwaweka! Wanafunzi wote wakainua vichwa. Mimi machozi yalikuwa yananitoka, na sikuyafuta.

Dada Muhuri hakunikemea. Aliniangalia usoni, kama mtu anayetafuta kitu kwenye kadi.

"Wafuaji wa hospitali," akasema. "Kwa nini hukuandika hivyo?"

"Kikaratasi kinasema..."

"Kikaratasi kimeandikwa na watu wa leo. Majalada waliandika wenyewe waliofanya. Unadhani mtu akidhulumu ataandika juu yake 'dhuluma'? Anaandika jina linalomfaa yeye."

Akachukua ufunguo, akaingia ndani. Kwenye kabati la kadi hakwenda. Hilo nililiona lakini sikulitilia maanani wakati ule. Baada ya muda mfupi alirudi na jalada jembamba la kahawia, akaliweka mbele yangu kwa mikono miwili. Juu yake palipigwa chapa: VIFAA: UPOTEVU. Na chini yake muhuri mwekundu: LIMEFUNGWA MIAKA THELATHINI. Lilikuwa limefunguliwa miaka miwili iliyopita.

Ndani mlikuwa na barua tatu. Ya kwanza inasema wafuaji kumi na wawili wamekataa kufua nguo za wodi ya magonjwa ya kuambukiza mpaka wapewe glavu, na anayewaongoza ni fulani. Fulani huyo ni mama yangu. Ya pili ni majibu kutoka ofisi ya juu: wakifukuzwa kwa kugoma, mkaguzi wa kazi atakuja kuuliza habari za glavu, kwa hiyo iandikwe upotevu wa mashuka. Ya tatu imeandikwa kwa mkono na mtunza stoo. Anasema, kwa heshima zote, mashuka yote yapo. Yasiyokuwepo ni yale yaliyochakaa, ambayo yeye mwenyewe aliwagawia wafuaji kwa idhini, moja kwa kila mmoja.

Moja kwa kila mmoja. Nilikuwa nimelala juu ya zawadi miaka yote, nikiionea haya.

Nikaikumbuka mikono ya mama. Ilikuwa ikichunika ngozi kati ya vidole, na usiku aliipaka mafuta huku akiuma meno. Mkono mrefu, mjomba alisema. Nikaona furaha imenijaa kifuani pamoja na uchungu, nikainuka nusu kwenye kiti, nikigeuka nimwambie mtu. Kiti cha jirani kilikuwa kitupu. Nikakaa tena.

Nilipotaka kulifunga jalada niliona nyuma ya zile barua kuna fomu. Zilikuwa saba, moja kwa kila mwaka, na zote zimegongwa LIMEKATALIWA. Nilijua mwandiko kabla sijasoma jina, maana mama aliandika herufi moja moja kama anapiga pasi. Kwenye unachotafuta aliandika: "wafuaji wa hospitali". Hakuhitaji kikaratasi. Kwenye sababu ya kuomba aliandika maneno mawili, na mwaka uliofuata yale yale, na uliofuata yale yale.

"Mwanangu asome."

Na kwenye idadi ya wasomaji: 2. Fomu sita za kwanza zote, 2. Ya saba, ya mwaka ule alipofariki, ilikuwa na 2 iliyokatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, na pembeni yake 1.

Sikusikia Dada Muhuri alivyofika. Alikuwa amesimama nyuma yangu, miwani mkononi.

"Hizo nimezigonga mimi," akasema. "Zote saba. Sheria ilisema thelathini, na mimi sheria ndiyo kazi yangu. Kila mwaka namwambia, mama, bado. Anasema haya, basi mwakani. Halafu haondoki. Anakaa pale koridoni mpaka tunafunga."

"Kwenye benchi?"

"Kwenye benchi. Mkoba anauweka pembeni yake. Mtu akitaka kukaa, anamwambia samahani baba, kuna mtu anakuja."

Nilikuwa naujua mkoba ule. Kila mwaka shule zinapokaribia kufunguliwa, wakati sare za watoto zimenijaa mpaka dirishani, mama alikuwa akija nyumbani kwangu asubuhi ameuvaa begani. "Nisindikize mjini, mwanangu. Kuna kitu nataka unisomee." Mimi nilikuwa nikisema mama, huoni kazi hii? Huniambii ni kitu gani, nami nifunge kazi nikusindikize tu? Nilidhani ni karatasi ya bomba la maji. Siku moja nilimwambia, bila hata kuinua mguu kwenye cherehani, akamwombe mtu wa mtaani amsomee. Akasema haya. Nikaendelea kushona.

"Mwaka wa mwisho nilimwuliza," Dada Muhuri akaendelea. "Nikamwambia mama, leo umeandika mmoja, mwenzio haji? Akasema ana kazi nyingi. Atakuja mwenyewe."

Akaweka fomu mpya mbele yangu, ya kuomba nakala za zile barua tatu ili nimpelekee mjomba. Nilijaza jina. Nilijaza wafuaji wa hospitali. Kwenye sababu nilikaa muda mrefu, halafu nikaandika "nimesoma". Kwenye idadi ya wasomaji mkono ulitaka kuandika mbili, nikauzuia, kwa sababu mama alikuwa ameshaniandikia ukweli. Nikaandika 1. Dada Muhuri akaisoma yote, akaigonga: LIMEKUBALIWA.

Nilikaa kwenye benchi la korido mpaka walipofunga. Bahasha ya nakala niliipakata, na nafasi ya pembeni niliiacha wazi. Hakuna aliyeomba kukaa.

Jumapili nitakwenda kwa mjomba, na atasoma kwa sauti mbele ya wote waliocheka. Hilo nimeapa, na mimi nikiapa nimeapa. Lakini jioni ile nilirudi nyumbani, nikamaliza kaptula moja iliyobaki, nikaifunika cherehani. Ile pembe yenye muhuri wa hospitali niliigeuza nje, nikainyoosha kwa kiganja mpaka kila herufi ikaonekana. Kisha nikasimama pale nikiiangalia, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kuiona.