Gazeti Lililoliwa na Mbuzi wa Mukabera

Gazeti langu la tatu nililianzisha mwaka 1984 hapa Kihanga, na nililianza kama ninavyoanza kila kitu, kwa kelele. Mawili ya kwanza yalikwisha kufa. Mwanga wa Migomba lilitoka mara nne. Jicho la Kihanga lilifumbuka mara mbili likafumba. Hili la tatu nikaliita Ngoma ya Jumapili. Nikabandika toleo la kwanza kwenye ukuta wa duka la Gharib, watu wakiwa wanatoka misani, na mimi nikiwa nimeshaonja rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa Theoneste.

"Matoleo ishirini!" nikatangaza. "Kila Jumapili bila kukosa, mpaka Krismasi!"

Mke wangu Costansia alikuwa mbele kabisa, mikono kiunoni.

"Baba Fidele, hiyo ishirini unaijua au umeisikia tu?"

Watu wakacheka.

"Naijua sana."

"Haya. Ukifika ishirini nakuchinjia jogoo. Usipofika, utanichotea maji mwezi mzima."

"Nitachota hata miwili."

"Kichwani, Baba Fidele. Si kwa baiskeli. Na iwe mchana, watu wakiona."

Kwetu mwanamume akibeba debe la maji kichwani, ataitwa jina la hilo debe mpaka azikwe. Lakini rubisi ilikuwa imenipanda vizuri.

"Kichwani!" nikasema, na makofi yakapigwa mpaka Gharib akatoka dukani kuangalia nani ameanguka.

Mimi niliishia darasa la nne, baba akanitoa nikachunge ng'ombe. Herufi zangu zinalala upande kama migomba baada ya upepo, lakini zinasomeka. Karatasi zilikuwa hazipatikani, basi nilichana mifuko ya saruji, nikaifuta vumbi, nikainyoosha kwa pasi ya mkaa. Wino nilitengeneza mwenyewe: unga mweusi wa betri kuukuu za redio, nikautwanga, nikachanganya na utomvu wa mgomba. Utomvu ule ukiingia kwenye shati, shati halitakati tena. Gundi ilikuwa uji wa muhogo.

Miezi ile miwili ya kwanza nilikuwa kama mtu mwenye homa nzuri. Naamka maneno yamejaa mdomoni. Napalilia huku naandika kichwani, nikakata miche mitatu ya kahawa nikidhani ni magugu. Niliandika kwamba balozi wetu wa nyumba kumi, Athanasi, anahimiza wenzake wachimbe vyoo wakati chake kimebomoka. Alinuna siku tatu, ya nne akaanza kuchimba. Niliandika kwamba Adelgunda anaimba kwaya kwa sauti ya kugombana. Adelgunda mwenyewe alinipa mkungu wa ndizi kwa kutajwa. Raha iliyoje!

Halafu, kwenye wiki ya nane hivi, ile homa ikapona.

Sijui ilikwenda wapi. Wiki nzima nilikuwa narembesha ile ngoma niliyoichora kwenye kichwa cha gazeti, naichorea kamba, naichorea na mpigaji, chini yake sina cha kuandika. Costansia akaichungulia.

"Ngoma nzuri," akasema. "Inalia nini?"

Toleo la kumi na moja lilisema hivi, lote: "Mvua haijanyesha. Ikinyesha mtaiona." La kumi na mbili lilisema: "Habari zaidi ukurasa wa pili." Jioni yake Theoneste akaja kwangu anahema.

"Mhariri, nimeuzunguka ule ukuta mpaka nyuma, kwenye choo cha Gharib. Huo ukurasa wa pili sijauona."

"Ulianguka."

"Ulisemaje?"

"Ulisema mengi."

"Sisimizi hao!" akasema Theoneste. "Wanakula uji wako, karatasi inabaki haina pa kushika. Tia chumvi kwenye gundi, watakimbia."

Nikatia viganja viwili vizima. Mimi, niliyetolewa shule kwa ajili ya mifugo, nikasahau kwamba ukitaka mnyama akufuate mpaka kitandani, mwonjeshe chumvi.

Toleo la kumi na tatu nilichora ngoma, nikaandika tarehe, nikakaa. Nikakaa Ijumaa, nikakaa Jumamosi. Hakuna hata neno moja. Jumapili alfajiri nikalibandika hivyo hivyo, ngoma juu, chini karatasi tupu, nikaenda misani nikamwomba Mungu mvua kubwa. Yalikuwa yamebaki matoleo saba, na kisima nilikuwa nakiona nikifumba macho.

Tulipotoka, Adija, mke wa Gharib, alikuwa katikati ya barabara na ufagio.

"Mhariri! Njoo uone! Amelila lote!"

Chini ya ukuta alisimama mbuzi wa Mukabera, yule mjane wa karibu na kisima. Kipande cha ngoma kilikuwa kinaning'inia mdomoni. Akatutazama, akakimeza, akaanza kuulamba ukuta.

Nilitaka kumbusu. Kweli kabisa. Nilitaka kumkumbatia yule mbuzi na pembe zake. Gazeti limeuawa, si mimi niliyeliua! Nani atambebesha maji mtu aliyeliwa gazeti na mbuzi?

"Basi," nikasema, nikijitahidi kutoa sauti ya msiba. "Ngoma ya Jumapili imekwisha. Siwezi kushindana na wanyama."

"Na lilikuwa toleo zito," akasema Theoneste. "Nilipita alfajiri, nikaona limejaa maandishi."

Nikamkodolea macho. Alikuwa anasema huku ameapa kwa kidole.

"Lilimtaja aliyeiba ngoma ya kanisani," akasema Adelgunda.

"Lilimtaja na mama yake!" akadakia mwingine.

Ndani ya dakika tano toleo langu lilikuwa na habari kumi na nne, zote nzuri kuliko nilizowahi kuandika. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha balozi Athanasi akapanda kwenye ngazi ya duka.

"Huyu mbuzi amekula mali ya kijiji," akasema. "Achinjwe, kijiji nacho kimle. Ndiyo haki."

"Haki!" wakaitika. Nyama ina wafuasi wengi. Mmoja alikwenda kuleta kisu.

Mukabera akajipenyeza mbele. Ni mwanamke mdogo, mkavu, tangu aje kutoka Rwanda sijamsikia akipandisha sauti.

"Shikamoo balozi," akasema, ingawa yeye ndiye mkubwa. "Ana mimba. Ninaye huyu tu."

Alimshika mbuzi sikio, basi.

Nikamwangalia yeye, nikamwangalia Costansia. Costansia alikuwa ananitazama mimi tu, si mbuzi, ameubana mdomo asicheke. Alijua. Mke aliyelala na mtu miaka kumi na saba anajua kama karatasi ilikuwa tupu.

"Mwacheni mbuzi," nikasema.

"Mhariri ana huruma," akasema Athanasi.

"Huruma gani! Halikuwa na kitu! Ngoma na tarehe, basi! Theoneste anaona maandishi ambayo hata mimi sijaandika. Hamu ya gazeti ilinitoka tangu Septemba. Sina habari, sina hamu, na ukurasa wa pili haujawahi kuwepo!"

Theoneste akasema, "Na mimi niliyepekua choo?"

Kicheko kilichofuata sijakisikia tena maishani. Gharib alikaa chini kwenye vumbi na kanzu yake nyeupe. Athanasi alishuka ngazi akijishika mbavu. Costansia akafuta machozi, akaja akanisogelea.

"Debe liko nyuma ya jiko, Baba Fidele."

Jumatatu saa nne, mchana kweupe, nikaenda. Mukabera alinisubiri kisimani, akanisokotea ngata ya majani makavu ya mgomba, akaiweka kichwani mwangu kwa mikono yake. "Usitazame chini," akasema. Nikatazama chini. Nusu ya debe ikanishukia mgongoni. Wanawake wakapiga vigelegele, na barabara nzima mpaka kwangu watu walikuwa wamejipanga kama anapita askofu.

"Debe! Debe! Habari za leo?"

"Zimelowa!" nikajibu, nacheka, maji yananiingia masikioni. Kifua changu kilikuwa chepesi kama cha mtu aliyevuliwa koti la mwenzake.

Mbuzi alizaa mapacha kabla ya Krismasi. Gharib naye alipaka ukuta chokaa. Ilipokauka, wino wa utomvu uliopenya karatasi mpaka ukutani ukatokeza tena. Akapaka mara ya pili, mara ya tatu. Mpaka leo ukisimama pale dukani jua likiwa limeinama unaweza kusoma, herufi zimelala upande: Habari zaidi ukurasa wa pili. Wageni huzunguka nyuma kuangalia.