Mstari wa Mia Mbili na Tisa

Jumanne saa nne asubuhi, Sindano alichoka kurudia mistari. Alikuwa mwandishi wa programu wa hospitali, mwembamba hata wagonjwa wakambandika jina hilo, na kazi yake ilikuwa kuitunza programu iliyopanga foleni. Majaribio aliyafanya kwenye dirisha la amri, ambapo unaandika mstari, kompyuta inajibu, unaandika mwingine. Ukikosea wa saba, unaanza upya. Basi akafungua faili la mipangilio, akaongeza agizo fupi: akiandika neno "hariri", dirisha limfungulie kihariri chake, ukurasa mtupu wa kuandikia, aandike kwa nafasi na kusahihisha apendavyo, na akikifunga, yote yarudi dirishani yatekelezwe.

Akaandika "hariri". Kihariri kikafunguka, na pamoja nacho akaingia Mama Pacha, aliyekuwa akikalia meza hiyo kabla yake na ambaye alifariki mwaka juzi kwa ugonjwa wa kifua. Akavuta kiti.

"Habari za kazi, mdogo wangu?"

"Nzuri, dada. Pole na safari."

Mama Pacha akauliza kama droo bado inakwama. Ilikuwa inakwama. Kisha akamwomba afungue faili la foleni, ateremke hadi mstari wa mia mbili na tisa. Mstari huo uliagiza kwamba anayetoka mtaa wa bondeni awekwe nyuma ya wengine wote, hata kama amewatangulia kufika.

Sindano akauliza ni nani aliyeuandika.

"Mimi. Mkuu wa hospitali alisema ni wiki mbili tu, wodi mpya ikimaliziwa."

Wodi ilikwisha, ikapakwa rangi, mstari ukabaki. Mama Pacha mwenyewe aliishi bondeni. Alipougua alikaa kwenye benchi la korido siku tatu mfululizo, akitazama namba yake ikirudi nyuma kwenye skrini. Ngazi za kupanda ofisini akaufute hakuziweza tena. Aliyasimulia hayo bila kinyongo, kama mtu anayemwelekeza mgeni choo kilipo.

Sindano akaufuta mstari, akahifadhi, akafunga kihariri. Mama Pacha akaondoka nacho, sentensi yake ikiwa nusu.

Siku hiyo watu wa bondeni waliingia kwa zamu. Mzee mmoja aliitwa akabaki ameketi, akidhani anaitwa mwenzake. Muuguzi akaenda kumshika mkono.

Kesho yake mkuu wa hospitali alimwita Sindano, akampa maji ya kunywa. Akamweleza kwamba kuna waliolalamika, na kwamba mstari ule uliwekwa kwa utaratibu. Sindano akasema aliyeuweka ndiye aliyeomba utolewe, jana saa nne. Mkuu, ambaye ndiye aliyesoma risala kwenye mazishi ya Mama Pacha, alifikiri kidogo.

"Maombi ya watumishi wa zamani," akasema, "yaletwe kwa maandishi."

Mama Pacha akaandika barua, akasaini. Katibu akaigonga muhuri wa kupokelewa, akaiweka kwenye jalada. Mstari ukarudishwa, na faili likafungwa, Sindano asiweze kulibadilisha tena. Aliendelea kuandika "hariri" kila asubuhi kwa kazi nyingine, na Mama Pacha akaja, akamwonyesha makosa yake, akauliza hali ya wanawe. Sindano alimwambia alichosikia, kwamba wako kwa bibi yao.

Alhamisi moja bibi huyo akawaleta pacha wote wawili, wana homa na kikohozi, akawaketisha kwenye benchi. Sindano akaiona namba yao ikirudi nyuma kwenye skrini. Akaenda kwa mkuu. Mkuu alikuwa kikaoni. Akarudi mezani, akaandika "hariri".

Safari hii Mama Pacha hakuvuta kiti. Alipita moja kwa moja hadi koridoni. Watu wa benchi wakasogea, wakampa nafasi katikati ya wanawe. Mmoja akamlalia begani, mwingine akamwonyesha pengo la jino. Bibi akamuuliza kama amekula. Namba zikaendelea kuitwa, za watu wengine.

Saa za ofisi zikaisha. Wenzake wakazima kompyuta, wakamuaga. Sindano alijua kwamba akifunga kihariri, Mama Pacha ataondoka. Basi akakiacha wazi, akakunja mikono, akakaa kuwasubiri pacha waitwe.