Mguu wa Klachi

Tangu kiharusi kimpige, Masafa alikuwa mtu wa kiti. Kiti chenyewe kilikuwa cha plastiki, mguu mmoja umefungwa waya, na alikuwa amekielekeza ukutani. Mkewe akikigeuza asubuhi ili mzee aone wapita njia, akirudi kutoka kisimani anakikuta kimeshatazama ukuta tena. Mtu aliyeendesha malori ya safari ndefu ujana wake wote, ndiko jina la Masafa lilikotoka, leo safari yake ilikuwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti, na kutoka kwenye kiti hadi kitandani.

Mkono ulikuwa umerudi. Mdomo uliopinda ulinyooka, maneno nayo yakarudi, ingawa machache. Mguu wa kushoto ndio uliogoma. Akitembea kwa fimbo aliuburuta nyuma kama mbuzi aliyejua anapelekwa kuchinjwa.

Mkewe alikuwa fundi wa kushona, na watu walimwita Sindano. Cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu ilikaa chini ya dirisha la chumba cha mbele, na hapo alishona sare za shule, mapazia, na suruali za wanaume wenye vitambi ambazo mafundi wengine walizikimbia. Ukimya wa mume aliuvumilia. Kilichomtia hofu ni chakula. Mzee alianza kusema, "Nimeshiba," na sahani haijaguswa. Siku moja alipokuwa akimvua shati ili amwogeshe, Sindano aliona mbavu zimejitokeza kama meno ya kitana. Alimwaga maji taratibu mgongoni mwa mumewe, akawaza: huyu anakufa, na kiharusi sicho kinachomuua.

Basi siku hiyohiyo, au kesho yake, akaja mfyatua tofali kutiwa kiraka kwenye suruali. Alikuwa mtu wa maneno mengi, vumbi jekundu limemwingia mpaka kwenye kope, na alikaa kwenye mkeka amejifunga shuka huku akingojea suruali yake.

"Shemeji, nimenunua mota ya umeme ya kuchanganyia udongo," alisema. "Lile trekta langu kuukuu sasa limestaafu. Kuku ndio madereva. Mmoja ametaga pale kwenye kiti, nikimfukuza ananitukana."

Sindano alicheka, akakanyaga cherehani. Mara ukutani ikatoka sauti.

"Gia zake zote zipo?"

Mguu wa Sindano ulisimama wenyewe. Tangu watoke hospitali mumewe hakuwa amemuuliza mtu swali lolote.

"Zipo zote, kaka," mfyatua tofali alijibu. "Ya tatu inataka kubembelezwa kidogo. Lakini zipo."

"Na plau?"

"Plau ipo, inalala kwenye majani."

Jioni hiyo Masafa alikula. Alikula nusu sahani, akaomba maji.

Sindano hakulala akipiga mahesabu. Mahesabu yalikuwa mafupi. Kitu cha thamani mle ndani kilikuwa kimoja. Vijana wa mfyatua tofali walikuja na mkokoteni wakaibeba cherehani, mkanda wake wa ngozi ukining'inia, na pale ilipokuwa sakafuni pakabaki alama nne za miguu na vipande vya uzi.

"Cherehani iko wapi?" mumewe aliuliza.

"Imeenda kuleta trekta."

 Masafa akakigeuza kiti mwenyewe, kikatazama mlangoni.

Trekta lilikuwa la zamani hasa. Rangi yake ya mwanzo hakuna aliyeikumbuka. Palipobaki rangi ilikuwa kama ganda la kidonda. Kiti kilikuwa cha chuma chenye matundu, mfano wa makalio ya mtu mkubwa. Halikuwa na ufunguo. Liliwashwa kwa hendeli ya mbele, tena kwa petroli kwanza. Injini ikishapata joto unafungua koki nyingine, linaanza kunywa mafuta ya taa. Mfyatua tofali alikuja kuwafundisha palepale uani.

"Shika hendeli hivi, shemeji. Kidole gumba kikae upande mmoja na wenzake. Ukikizungusha upande wa pili, likipiga teke utakiokota kule kwenye mihogo." Alimwonyesha kidole chake mwenyewe, kimepinda kama kwato. "Mimi sikuambiwa na mtu."

Sindano aliweka vidole vyote upande mmoja, akavuta juu. Mara ya kwanza lilikohoa, mara ya pili likatema moshi. Alipovuta kwa hasira likawaka, na ua mzima ukatetemeka mpaka sufuria zikaanguka kutoka kwenye kichanja. Masafa alisimama na fimbo yake, macho yamemlowa. Akasema ni moshi.

"Halafu hizi breki," mfyatua tofali aliendelea, akipaza sauti juu ya injini. "Ni pedali mbili, zote za mguu wa kulia. Hii ya tairi la kulia, hii ya kushoto. Shambani zitenganishe, ukifika mwisho wa mtaro unakanyaga moja, trekta linageuka papo hapo. Lakini ukiingia barabarani, zifunge pamoja kwa hili komeo. Umeliona? Barabarani zikiwa hazijafungwa, usiliendeshe. Shuka, utembee kwa miguu."

"Nimeendesha malori kabla hujajua kufunga kamba za viatu," Masafa alimwambia.

"Najua, kaka. Lakini lori halina pedali mbili za breki."

Komeo lilikuwa chini kabisa, karibu na sakafu ya chuma. Masafa hakuweza kuinama hadi pale bila kuanguka. Kwa hiyo tangu siku ile kulifunga na kulifungua ikawa kazi ya mkewe.

Taabu yenyewe ilikuwa klachi. Masafa alipandishwa kitini, akaushika mguu wake wa kushoto kwa mikono miwili, akauweka juu ya pedali kama mtu anayeweka mzigo kwenye mizani. Akasukuma. Jasho lilimtoka, mishipa ya shingo ikasimama, na pedali haikusogea. Alijaribu tena. Mfyatua tofali akajifanya anaangalia tairi.

Sindano alimwona mumewe akitafuta kwa macho mahali kiti cha plastiki kilipo.

Akapanda. Alisimama kwenye bati la upande wa kushoto, mkono mmoja ameshika madigadi, akauondoa ule mguu kwa upole, akaweka wake. Miaka mingi mguu ule ulikuwa umekanyaga cherehani. Ulijua kubonyea kidogo na kubonyea sana, na kuachia bila kukata uzi.

"Wewe niambie tu," alisema.

Masafa akashika mkono wa gia. "Kanyaga."

Akakanyaga. Gia ikaingia kwa mlio wa mfupa.

"Achia. Polepole, mama. Polepole."

Trekta likatoka uani na watu wawili juu yake, wakiwa dereva mmoja.

Walilima shamba lao nyuma ya kilima, lililokuwa limegeuka pori tangu mzee augue. Wakaja majirani kuomba na yao yalimwe. Masafa alishika usukani, gia na breki. Sindano alikanyaga na kuachia, alishuka kuchokoa udongo kwenye plau, alifunga na kufungua komeo. Usiku nyonga ilimwuma hadi akalala upande mmoja. Lakini mume alikuwa anakula. Alikula, akalalamika chumvi, akaulizia mboga kesho itakuwa ipi. Mbavu zikaanza kurudi ndani.

Njia ya kurudi nyumbani iliteremka kilima kwa mteremko mrefu, na chini ya mteremko palikuwa na mashine ya kusaga nafaka. Hapo hapakosi watu, wamekalia magunia wakingoja zamu, na mwenye mashine alikuwa mtu ambaye ulimi wake haukupumzika hata mashine ikizimwa.

"Masafa," aliita, mweupe kwa unga, "utingo wako leo kavaa gauni la maua."

Watu wakacheka. Masafa naye alicheka.

Siku nyingine akaita, "Leseni ina jina la nani? Ya mikono au ya miguu?"

Wakacheka tena. Masafa alipunga mkono.

Halafu ikafika siku akasema, wala si kwa sauti kubwa, alikuwa akimwambia mwenzake, "Mwanaume anaambiwa na mkewe lini aende na lini asimame." Siku hiyo hakuna aliyecheka sana, na hiyo ndiyo iliyomwingia moyoni. Nyumbani Masafa alisema ameshiba.

Sindano alikaa na ile sahani mapajani, akaiangalia. Hakumbembeleza. Asubuhi nayo mzee alikunywa chai tu.

Siku hiyo walimaliza shamba la jirani mapema. Walitoka shambani kwenda barabarani, wakafika kileleni, pale mteremko unapoanza. Hapo Masafa akasema, "Kanyaga." Mkewe akakanyaga. Masafa akaitoa gia, akaweka nyutro, akashika breki.

"Tia jiwe."

Alishuka akaweka jiwe mbele ya tairi la nyuma, akidhani plau imelegea. Aliporudi kupanda, mume aliweka mkono kwenye madigadi, akamzuia.

"Wewe teremka kwa miguu. Mimi nitashuka peke yangu."

"Utashukaje peke yako?"

"Kwa nyutro. Nyutro haitaki klachi. Malori tuliyashusha hivyo milima mizima tukiokoa mafuta, tena na mzigo. Ni breki tu, na mguu wa breki ninao."

"Mzee wangu, hili si lori."

"Mama." Hakuwa mkali. Angekuwa mkali, Sindano angebishana naye. "Mara moja tu. Wanione nimepita mwenyewe. Chini pale nitasimama nikungoje, upande, twende nyumbani. Kesho tutaendelea kama kawaida."

Chini walionekana watu kwenye magunia, wadogo kama punje. Sindano alitazama mteremko, akamtazama mumewe. Alikuwa amejifuta uso na kufunga kifungo cha shati cha shingoni. Zile mbavu zikamjia akilini, na sahani, na kiti kinachotazama ukuta.

"Ukifika chini usinijaribie maringo," alisema. "Simama palepale kwenye mashine."

"Nitasimama."

Aliinama akalivuta jiwe.

Trekta liliondoka taratibu, kwa adabu. Plau ilikuwa imeinuliwa nyuma kama mkia wa jogoo. Kisha likashika kasi. Alimwona Masafa amekaa wima, mkono mmoja kwenye usukani, na alipokaribia watu akainua ule mwingine, akapunga. Watu walisimama kutoka kwenye magunia. Mtu mmoja alipiga mbinja. Sindano akajikuta anatabasamu peke yake pale juu, na jiwe bado mkononi.

Ndipo alipokumbuka komeo. Walipotoka shambani hakulifunga. Alikuwa akimfikiria mzee aliyelala na njaa, akapanda moja kwa moja.

Alipiga kelele, lakini upepo ulikuwa unamrudishia sauti. Chini, Masafa alikanyaga breki. Mguu ulikanyaga pedali moja. Tairi moja likashika, la pili likaendelea, na trekta likajigeuza ghafla kama linavyogeuka mwisho wa mtaro, likaingia kwenye mfereji wa kando ya barabara, likamlalia Masafa.

Wale wa kwenye magunia ndio waliolinyanyua. Mwenye mashine alikuwa wa kwanza kufika, na alichubuka viganja vyote kwa chuma cha moto. Baadaye alikuja hospitali na gunia la unga, akasimama mlangoni, akashindwa kuingia.

Mguu walioukata ni wa kulia. Ule mzima.

Walimrudisha nyumbani kwa mkokoteni uleule uliobeba cherehani. Kiti cha plastiki hakikumfaa tena, kwa hiyo Sindano alisogeza kitanda chumba cha mbele, chini ya dirisha, juu ya zile alama nne za sakafuni. Trekta walilivuta hadi uani. Usukani ulikuwa umepinda, bomba la moshi limekatika, mengineyo yote yalikuwa salama. Mfyatua tofali alilikagua, akasema linawaka. Hakuna aliyemwomba aliwashe.

Majuma yalipita, na Sindano akishona kwa mkono, vifungo na pindo, kazi za senti. Siri ya komeo alikuwa nayo kifuani kila alipomlisha. Ilimshinda siku moja akiwa anamwogesha. Aliacha kitambaa ndani ya beseni.

"Sikulifunga komeo," alisema. "Tulipotoka shambani. Nilisahau. Ni mimi niliyekufanya hivi."

Masafa alikuwa akitazama dari.

"Nililiona," alisema.

"Uliona nini?"

"Komeo. Uliinama kutoa jiwe, nikatazama chini, nikaona liko wazi."

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye vidole vya Sindano hadi sakafuni, naye hakuyafuta.

"Sasa kwa nini hukusema? Nilikuwa palepale. Ningelifunga."

Nje kuku walikuwa wakigombana juu ya kiti cha trekta.

"Ningesema," Masafa alisema, "ungepanda tena."

Sindano alikaa pale mpaka maji ya beseni yakapoa. Kisha akainuka, akayamwaga nje, akaenda kuchemsha mengine, maana mgongo ulikuwa bado haujaoshwa.