Kichwa cha Kaka Mkubwa

Miaka ishirini na mbili naulizwa kazi yangu ni nini, na jibu fupi sijalipata. Katika hospitali ya wagonjwa wa akili, daktari hutuliza ugonjwa; mimi humrudisha mtu kwenye shughuli zake: kutandika kitanda, kupika, kupanda basi, kurudi kazini. Mikono yake ikiwa na kazi, tunaongea. Aliyekaa kimya mwezi mzima ofisini kwangu hufunguka mbele ya kitunguu. Wagonjwa huniita Mama Shughuli. Hasira zangu ziko karibu, ila hazikai.

Mwaka mmoja nilikuwa na mgonjwa aliyekuwa kinyozi. Baada ya miezi mitano wodini, sauti alizokuwa akizisikia zilikuwa zimenyamaza na usingizi umerudi. Ilibaki mikono. Dawa ziliitetemesha, na hata daktari alipozipunguza, mwenyewe alikuwa ameshaacha kuiamini. Saluni ilikuwa ya kaka yake mkubwa, naye alishatuma ujumbe: Alhamisi anakuja, na asiporidhika, kiti cha mdogo wake anapewa kinyozi mwingine.

"Kaka ana haki," kinyozi akaniambia. "Hata mimi nisingekubali kunyolewa na mimi."

"Hebu nyamaza. Kesho tunaanza na maputo."

Unajaza puto hewa, unalipaka povu la sabuni, unalinyoa kwa wembe. Likipasuka, umemkata mteja. Siku ya kwanza tuliua wateja kumi na saba. Wodi nzima ilijazana dirishani kushangilia, povu likaniingia masikioni, na muuguzi mkuu akaja mbio akidhani ni risasi. Kinyozi alicheka mpaka akakaa chini, na huko chini, akijifuta povu, ndipo aliponiambia anachokiogopa.

"Kuhurumiwa, Mama. Kaka atanipa ufagio nifagie nywele, na wateja watanisalimia kwa sauti ndogo."

Kufikia Jumatano lilipasuka puto moja tu, na hilo nililikalia mimi.

Alhamisi kaka mkubwa akaingia na ndevu za wiki mbili, uso kama wa mtu anayekwenda kung'olewa jino. Wagonjwa walikuwa wameshajipanga kwenye benchi.

"Mimi nitaangalia tu," akasema.

"Utaangalia nini bila kichwa?" Sauti ilinipanda kuliko nilivyokusudia. Nikavua kitambaa cha kichwani, nikakaa kwenye kiti mimi mwenyewe. Sitadanganya, wembe ulipogusa shingo yangu niliogopa. Nikajikaza kisabuni. Ulipita mwepesi, na nikainuka na shingo safi.

"Kaka mkubwa," mmoja akapaza sauti kutoka benchi, "mwenzako akinyolewa, zako tia maji!"

Watu wakaangua kicheko, na kaka naye kikamtoka. Akakaa. "Nywele tu. Ndevu hapana."

Kinyozi akaanza na mkasi. Kaka alishikilia kiti utadhani kinataka kupaa, na maelekezo hayakukatika: polepole hapo, angalia sikio. "Sawa, kaka," mdogo wake akaitikia, kisha akauliza, "Mjomba bado anapaka nywele dawa ya viatu?"

"Juzi kanyeshewa," kaka akasema. "Shati lote jeusi." Wakacheka wote wawili. Wakaendelea na habari za shangazi, za jirani, za bomba linalovuja saluni. Majibu ya kaka yakawa mafupi, mikono ikalegea.

"Basi malizia na ndevu," akasema, amefumba macho.

Kinyozi akanitazama. Nikaficha mikono mgongoni nisije nikamsaidia. Akapaka povu, akashika wembe. Kufikia shavu la pili, kaka alikuwa anakoroma.

Nililia, na sioni haya kusema.

Alipozinduka alitazama huku na huku. "Nimelala?"

"Umekoroma!" benchi likajibu.

Akajipapasa kidevu kwa muda mrefu. Kisha akakunja uso, bosi kabisa. "Jumatatu, saa mbili kamili. Ukichelewa nakufukuza, kama nilivyomfukuza yule aliyekutangulia."

Kinyozi akanigeukia, meno yote nje.

"Mama Shughuli, umesikia? Naweza kufukuzwa!"