Mtu wa Chini ya Nguzo

Honoré aligundua kosa lake saa nne asubuhi, kazi ikiwa karibu kwisha. Alikuwa ameusafisha mchoro kwa kifutio laini, sehemu kwa sehemu, kuanzia juu kwenye dari la matao hadi chini sakafuni, na chini ya nguzo ya tatu alifuta kivuli alichodhani ni uchafu wa mkono. Ndipo akaitazama picha aliyoipiga kwa simu kabla ya kuanza, akaikuza. Haukuwa uchafu. Alikuwa mtu amepiga magoti, mgongo umeinama, amechorwa kwa penseli hafifu.

Kwenye karatasi palibaki kisigino na upindo wa nguo.

Mchoro ulikuwa wa mwaka 1847, ukionyesha ndani ya kanisa la Ulaya lililojengwa miaka mia tano kabla ya hapo. Mwenye mchoro alikuwa Khadeejah, mwalimu mstaafu, jirani wa gereji ya mtaa wa Sydenham ambamo Honoré alitengenezea fremu. Baba yake Khadeejah, fundi mwashi na mtu wa swala tano, aliununua mnadani akautundika sebuleni, maana alitaka kujua mawe yale yalisimamaje bila chuma.

Honoré hakuwa na cheti. Ufundi aliupata kwenye vitabu vya mitumba, na kwa kuharibu kwanza karatasi zake mwenyewe. Wateja walimjia kwa kusikia kwa wenzao kwamba mkono wake unaaminika. Alijua kwamba angeweza kumrudisha yule mtu: penseli ya aina ile alikuwa nayo, picha alikuwa nayo, na ilikuwa kazi ya nusu saa. Aliichonga penseli, akaishika juu ya karatasi kwa muda. Kisha akaiweka chini, akampigia Khadeejah simu.

Khadeejah alikuja kwa miguu. Akatazama karatasi, akatazama simu, akarudi kwenye karatasi.

"Eish, Honoré. Mtu amekaa kanisani karibu miaka mia na themanini, wewe umemtoa asubuhi moja."

"Ndiyo, mama."

Khadeejah akauliza kama Honoré anaweza kumchora upya. Honoré akajibu kwamba anaweza, wala hakuna atakayejua, ila atakuwa mtu wa Honoré, si wa mchoraji. Khadeejah akainama juu ya kile kisigino. Yeye hakuwahi kumwona mtu huyo, alisema mwishowe, na kama baba yake alimwona kwa lenzi aliyotumia kuyakagua mawe ya mchoro, hakumwambia. Basi paachwe hivyo hivyo.

"Ila andika nyuma ulichofanya. Na jina lako."

Honoré alisita. Yeyote atakayeifungua fremu ile, hata wao wakiwa wameshakufa, atalikuta kosa lake. Akaigeuza karatasi, akaandika polepole kwamba mtu aliyepiga magoti chini ya nguzo ya tatu alifutwa kwa bahati mbaya wakati wa kusafisha. Akaweka tarehe na jina.

Khadeejah akasoma, akaweka kidole kwenye "kwa bahati mbaya".

"Ilikuwa bahati mbaya?"

Honoré alifikiri. Picha aliipiga kabla. Kuitazama, aliitazama baadaye.

"Hapana, mama. Sikuangalia kwanza."

Akayakata maneno yale kwa mstari mmoja, na juu yake akaandika: bila kuangalia kwanza. Khadeejah akasoma tena, akaitikia kwa kichwa, akavuta kiti achague mbao za fremu.