Salama Kabla ya Chai

Dejid alipokuwa na sauti, jengo zima lilimjua. Akimkaripia mumewe jikoni, ghorofa ya tatu, kwa kuacha viatu katikati ya mlango, waliokuwa wakimwaga taka kule chini walijua ni viatu gani. Madaktari wa Ulaanbaatar walipomwambia kwamba maradhi ya mishipa yaliyoanzia mguuni yatapanda mpaka kooni, hakulia. Alimtuma mumewe, Mwalimu Sodnom, akanunue kishikwambi cha ile Kampuni kubwa ambayo dunia nzima inaringia vitu vyake. Kisha akajifungia chumbani, akarekodi maneno yake, moja moja, kwa sauti yake mwenyewe.

Kioo kikajaa viboksi, kila kimoja kikiguswa kinatamka neno lake. Chai ilikaa juu kushoto. Jina la binti yao, Munkhjin, katikati. Chini kulia, mahali kidole kinapofika hata kikichoka, aliweka "Hapana", na hilo alilirudia mpaka likatoka kali kama alivyotaka.

"Nikikuachia wewe neno hili nimekwisha," alimwambia Sodnom. "Tangu nikujue hujawahi kumwambia mtu hapana."

Sauti ikaondoka, mikono ikafuata, kikabaki kidole kimoja. Kidole hicho na kishikwambi vilimkaripia Sodnom vizuri tu mpaka majani yalipoanza kupukutika. Siku moja kishikwambi kilizimika, na hakikuwaka tena.

Hapo ndipo Sodnom alipojua nchi yake ni ndogo kiasi gani. Kampuni haikuwa na duka Mongolia nzima. Mafundi wa sokoni walikigeuzageuza wakamrudishia: mwenye vifaa vya Kampuni tu ndiye angeweza kukifungua bila kufuta vilivyomo. Duka la Kampuni lililoko Seoul lilijibu kwamba mwenye mali afike mwenyewe, na mwenye mali alikuwa hawezi kufika hata dirishani. Sodnom akachora viboksi vile vile kwenye kadibodi. Dejid aliigusa siku moja kumridhisha, akaiacha. Kadibodi haina sauti, na Munkhjin alikuwa mbali, mji wa Darkhan, akipiga simu kila jioni. Ikabidi Sodnom amsemee mkewe.

"Mama hajambo," husema kwenye simu, na Dejid anamtazama tu.

Basi zikaja habari kwamba Kampuni inatuma wajumbe, waje waone kama nchi yenye kondoo wengi kuliko watu inastahili duka. Wakikubali, mafundi wangetangulia kabla baridi haijaisha. Daktari alikuwa amesema kidole nacho kitadumu mpaka hapo hapo, labda. Sodnom hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alimvisha mkewe koti la manyoya, akamwekea kishikwambi mapajani, na jirani yao Chimgee akashika kiti cha magurudumu.

"Mwalimu, umepanga utakachosema?" Chimgee aliuliza njiani, akihema kwenye moshi wa makaa.

"Nimepanga."

"Usije ukaanza na jiografia, ukatupandisha milima yote."

"Chimgee, sukuma kiti."

"Nasema tu. Dejid angekuwa na mdomo wake, mimi ningebaki kwangu nikikanda unga."

Dejid alicheka kwa macho.

Ukumbi ulijaa. Kijana mmoja muuza simu alisimama akafoka, "Hawa wakifungua duka, sisi wa sokoni tutakula nini? Theluji?"

"Ule betri feki ulizoniuzia!" mama mmoja alimjibu kutoka nyuma, na ukumbi ukaangua kicheko.

Mkuu wa wajumbe, Bi Karsten, hakukaa jukwaani. Alishuka, akapita safu kwa safu na mkalimani wake, kijana aitwaye Tuguldur, akimuuliza kila mtu kwa zamu yake. Sodnom alipendezwa. Huyu ni mgeni mwenye adabu, alijiambia. Bi Karsten alipofika kwao alichutama mbele ya kiti cha Dejid, akatabasamu, akasema maneno.

"Mwalimu," Tuguldur alitafsiri, "mgeni anauliza mnaendeleaje na vifaa vyetu. Mko salama?"

Kwao Sodnom, mfugaji ambaye barafu imemmalizia kundi lote akiulizwa kama mifugo imenona, hujibu imenona. Hata mwenye msiba ndani ya hema hufanya hivyo. Mgeni hatupiwi balaa usoni akiwa bado mlangoni. Anakaribishwa, anakaa, anapewa chai ya maziwa na chumvi, na bakuli la kwanza likishuka ndipo mwenyeji anasema "ila". Sodnom alikuwa ameiandaa "ila" yake kwa majuma. Tena alikwisha kuona chupa za chai zimepangwa kwenye meza ya pembeni.

"Salama," alisema. "Salama kabisa. Karibuni sana."

Bi Karsten aliweka mkono kifuani kwa furaha. Alikipapasa kishikwambi mapajani mwa Dejid, akainuka, akaenda kwa mwingine. Kidole cha Dejid kikaanza kugonga kioo.

"Mwalimu!" Chimgee alimvuta mkono. "Mwambie!"

"Ngoja chai."

"Chai gani?"

"Ile pale. Kwani huna macho?"

Mjumbe alizidi kwenda. Kila aliyeulizwa alijibu salama. Yule mama wa betri feki naye, aliyekuja na hasira tele, alinyoosha shingo akasema salama, karibuni. Chupa zile zilikuwa za wafagiaji wa ukumbi. Watu waligawiwa maji baridi ya chupa, katika baridi ile, na Bi Karsten akapanda jukwaani kuaga.

"Wajumbe wamefurahi," Tuguldur alitafsiri. "Wamekuta wananchi wanahudumiwa vizuri na wauza simu waliopo. Kwa hiyo Kampuni haioni sababu ya kufungua duka hapa. Wanawashukuru, wana ndege ya kuwahi."

Sodnom alisimama. "Ila," alisema, kwa sauti ile ya darasani, "ila mke wangu..."

Viti vilikuwa vimeshaanza kuburuzwa. Wageni wakiondoka watu husimama, na waliposimama walimziba. Akapenya mpaka mlangoni, akamdaka Tuguldur mkono.

"Mwanangu, mrudishe. Mwambie sikuwa nimemaliza."

"Mwalimu, ameuliza, umejibu salama."

"Umelelewa wapi wewe? Hujui kwamba salama ile ni ya mlangoni?"

Tuguldur aliinamisha macho. "Najua, mwalimu. Hata babu yangu ni hivyo hivyo. Lakini mimi nalipwa kutafsiri kinachosemwa."

Gari likaondoka. Sodnom alibaki pale bila kofia, na aibu ikamchoma kuliko baridi. Miaka yote aliyofundisha watoto adabu, na adabu ndiyo iliyommaliza. Alitamani mtu amtukane. Chimgee alikisukuma kiti mpaka nyumbani.

Sodnom alichemsha chai. Alimnywesha Dejid kijiko kimoja, ikamwagika kidevuni, akaipangusa. Hakuthubutu kumtazama machoni. Simu ikalia.

"Baba! Imekuwaje? Wanafungua?"

Munkhjin alikuwa na watoto wawili na theluji ya Darkhan juu yake. Sodnom alifungua kinywa. "Ila" yake yote ilikuwa tayari ulimini, na chai ilikuwa imeshanywewa, na bado haikutoka.

"Wanafikiria," alisema.

"Na mama? Mama yukoje?"

"Mama hajambo. Tuko salama."

Kidole cha Dejid kilijikokota juu ya kioo cheusi mpaka chini kulia. Kikagonga. Kikapumzika, kikagonga tena, hapo hapo, kwa nguvu zote zilizobaki.

"Baba, ni nini hicho kinachogonga?"

"Dirisha, mwanangu," alisema Sodnom. "Upepo tu."